Mwizi Aliyeogopa Kuvunja Kioo

Hasira nyingine humfanya mtu apige kelele, nyingine humnyima hata pumzi ya kupigia kelele. Iliyompata Miwani saa tisa alasiri ya Jumamosi ile, kwenye uchochoro wa nyuma ya duka alikofanya kazi ya kupima watu macho, ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Alisimama kando ya gari lake dogo jeupe, ufunguo mkononi, mdomo wazi.

Mpira unaobana kioo cha mlango wa abiria ulikuwa umekatwa. Kipande cha urefu wa shubiri moja kilikuwa kinaning'inia nje, na chini yake, kwenye bati la mlango, palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa kitu kilichosukumwa ndani kikagoma kuingia. Kioo kilikuwa kizima. Mlango ulikuwa umefungwa. Na juu ya kiti cha abiria, bahasha ya kaki ilikuwa imekaa vilevile alivyoiacha asubuhi.

"Mchana kweupe!" alifoka hatimaye, akiliambia gari kana kwamba ndilo lenye makosa. "Mchana kweupe, jamani, mtu anakuja na wembe wake!"

Angekuwa ameibiwa redio asingekasirika hivyo. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na fomu ya ndoa, vyeti viwili vya kuzaliwa na picha nne, mbili zake na mbili za mwanamume aliyempenda kuliko alivyowahi kukiri mbele ya watu. Jumatatu saa mbili walikuwa wanasubiriwa kwa msajili. Wasipotokea Jumatatu, msajili alishawaambia, nafasi nyingine ni baada ya miezi miwili. Na mwisho wa mwezi huu mwanamume huyo alikuwa anahama, safari ya kutwa nzima kutoka hapo, kwenda kufunga vitasa vya hospitali mpya, kazi ya miaka miwili. Ama angeondoka na mke, ama angeondoka peke yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa juu ya kile kiti.

Miwani alitoa simu, akaupiga picha ule mpira uliokatwa, akaituma kwa huyo mwanamume wake, Fundi, bila hata salamu. Kisha, kwa hasira, akampigia na kaka yake. Hili la pili alilijutia kabla simu haijakatika.

Mzee mlinzi wa uchochoro alikuja akijikokota, kofia mkononi.

"Mzee wangu, nani amepita hapa?"

"Mgeni hakupita, mwanangu. Mgeni ningemwona."

"Kwa hiyo mpira umejikata wenyewe?"

"Mimi nasema nilichokiona. Mgeni sikumwona."

Miwani alimwacha. Alikuwa na njaa pia, na njaa haijawahi kumpunguzia mtu hasira. Siku ile wateja walifuatana hivi kwamba hata chakula alicholetewa na mama yake saa saba alikuwa amekila nusu, wima, mkono mmoja umeshika kijiko na mwingine umeshika lenzi.

Fundi hakukawia. Alikuja na pikipiki yake, begi la vifaa limekaa mgongoni, na kabla hajaliangalia gari alimwangalia yeye, kuanzia nywele hadi viatu.

"Hujaumia?"

"Niumie na nini? Mimi nilikuwa ndani nasomesha watu herufi! Tazama walichonifanyia."

Aliposogea karibu, Miwani alisikia ile harufu yake ya mafuta ya mashine na sabuni, na hasira ikataka kulegea. Aliikaza. Mwaka mmoja na nusu uliopita mwanamume huyu aliingia dukani akilalamika kwamba matundu ya funguo siku hizi yamekuwa madogo. Miwani alimkalisha kitini, akamjaribishia lenzi, na alipompatia ile ya sawasawa, badala ya kusoma ubao ukutani yule bwana alimtazama yeye usoni, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo." Toka siku hiyo akamwita Miwani, na jina likamganda hata nyumbani kwao.

Sasa Fundi alivaa miwani yake, akachuchumaa mbele ya mlango. Hakugusa kitu. Aliutazama mpira kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kwa karibu zaidi, pale mkato ulipokomea. Hapo akatulia. Miwani aliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Kisha Fundi alilowesha kidole gumba kwa mate, akaufuta mpira pale mwanzo wa mkato. Akasogea, akafuta na pale mwisho.

"Unafuta nini?"

"Vumbi."

"Gari zima lina vumbi, wewe umeliona la hapo tu?"

Fundi alisimama, akavua miwani, akaanza kuipangusa kwa shati ingawa ilikuwa safi.

"Huyu si mwizi, Miwani."

"Ni nani basi? Malaika?"

"Ni mtu amekosea. Nina mpira kama huu pale karakana, nautia jioni hii hii. Tusiende polisi, tusiite watu. Yaishe."

"Yaishe?" Damu ilimpanda hadi masikioni. "Mtu anataka kuingia kwenye gari langu, fomu yetu imo ndani, wewe unaniambia yaishe? Umeona nini pale?"

"Nimekwambia, vumbi."

"Nitazame ukiniambia."

Alimtazama. Macho yake yalikuwa mazito, yamejaa kitu ambacho hajawahi kukiona humo. Na Miwani, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu alijigamba kwamba ana mwanamume asiyejua kudanganya, alirudi nyuma hatua moja.

Hapo ndipo kaka yake alipoingia uchochoroni na faili kwapani.

Kaka mtu alikuwa mkaguzi wa bima za magari, na kwake yeye kila binadamu alikuwa dai ambalo halijathibitishwa. Alilizunguka gari mara mbili. Alipiga picha. Alimhoji mlinzi, akaandika: hakuna mgeni aliyeonekana. Kisha akafunga kalamu, akamgeukia Fundi na tabasamu la kikazi.

"Kwa uzoefu wangu, shemeji mtarajiwa, mwizi wa barabarani anavunja kioo. Dakika moja, kaondoka. Huyu hakuvunja. Huyu alikata taratibu, akajaribu kufungua mlango kiustadi. Huyu ana ujuzi wa vitasa."

"Kaka!" Miwani akaruka.

"Sijamtaja mtu. Nasema mlinzi hakuona mgeni. Na hapa, mtu ambaye si mgeni, mwenye ujuzi wa vitasa, tunaye mmoja."

"Fundi ana ufunguo wa akiba wa gari hili! Aliuchonga mwenyewe! Mwenye ufunguo anakata mpira ili iweje?"

"Ili lionekane tukio la mwizi, kisha yeye aje atengeneze, aonekane wa maana. Nimeona makubwa zaidi ya hayo kwenye kazi yangu."

"Huna haya. Huna hata chembe." Miwani akamgeukia Fundi, akisubiri. Alimsubiri alipuke, amkunje yule mkaguzi shati, au walau acheke. "Na wewe mjibu!"

Fundi aliinua begi lake.

"Naenda kuchukua mpira," alisema. "Nitaleta nyumbani kwa mama."

"Vizuri sana," kaka mtu akasema. "Tukutane huko huko saa kumi na moja. Mambo ya namna hii yanazungumzwa mbele ya mzazi."

*

Sebule ya mama yake Miwani ilikuwa nusu sebule, nusu kiwanda. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ikala nafasi ya meza ya chakula, na wiki hiyo ilifunikwa na vitambaa vya bluu vya sare za shule. Tangu baba yao afariki, miaka kumi na moja sasa, mama aliwalea kwa cherehani hiyo. Kaka alioa akahama. Miwani alibaki, na ndiye aliyekuwa akimtungia mama yake uzi kwenye sindano kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mama hakuwahi kusema hampendi Fundi. Alisema tu, mara kwa mara, akiwa ameinamia mshono, "Wanaume wako wengi hapa hapa mjini." Kaka ndiye aliyesema wazi: mwanamume anayekula kwa kufungua milango ya watu, tofauti yake na wale wengine ni kibali tu.

Fundi alikuja saa kumi na moja kamili. Amenawa, amebadilisha shati, mpira mpya umeviringishwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Kaa hapo." Mama alimmiminia chai. Alipitiliza, chai ikamwagika kwenye kisahani. "Weka sukari. Ongeza, usiogope."

Kaka alianza kusoma ripoti yake. Alisoma kila kitu, hata rangi ya gari, kana kwamba hapo ndani pana asiyeijua. Alipofika kwenye "mtu mwenye ujuzi wa vitasa", Miwani alipiga meza.

"Mwite mwizi kwa jina lake basi, tusikie! Mbona unazungukazunguka?"

"Sawa. Nasema hivi, mbele ya mama: mimi sitakaa kimya mdogo wangu aolewe na mtu ambaye siku moja kabla ya—"

"Siku mbili."

"—siku mbili kabla ya kwenda kwa msajili, gari linakutwa limekatwa, na yeye ndiye wa kwanza kufuta ushahidi kwa mate. Ndiyo, mlinzi aliniambia. Alikuona, bwana. Ulifuta nini?"

Mama aliinamisha kichwa, akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimekwisha kunjwa.

Fundi alikunywa funda moja la chai, akarudisha kikombe polepole kwenye kisahani kilicholowa.

"Sikujaribu kuvunja gari la mtu," alisema. "Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Umesikia, mama? Hana la kusema!"

"Nimesikia," mama alijibu, kwa sauti ndogo sana.

Miwani alimtazama mpenzi wake, na moyo ulimuuma hadi akashika ukingo wa meza. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumzaba kibao. Angempa nini ili aseme neno moja tu la kujitetea! Yeye aligombana na ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya mtu huyu, na mtu huyu amekaa pale anakunywa chai.

"Fundi. Mimi sikuulizi kama wao. Nakuuliza mimi. Ulifuta nini kwenye gari langu?"

"Miwani..."

"Usiniite. Nijibu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Kama unaniamini, niamini hivi hivi."

"Hivi hivi?" Sauti ilimpanda, na safari hii hakuikaza. "Niende na wewe mji nisiomjua mtu, nilale na kuamka na wewe, halafu kila nitakapokuta umefuta kitu uniambie niamini hivi hivi? Mimi si mtoto! Usiponiambia ulichofuta, Jumatatu usinisubiri kwa msajili. Nenda hospitali yako peke yako."

Alisema, na papo hapo alitamani kuyarudisha mdomoni. Lakini yalikuwa yameshatoka. Uso wa Fundi ulibadilika rangi. Alifungua midomo, akamtupia mama jicho la haraka, akaifunga tena. Kisha aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba wa lile gari, akauweka mezani katikati ya vitambaa vya bluu.

"Sawa," alisema. "Nautia mpira, halafu naondoka. Mama, asante kwa chai."

Akatoka. Miwani alibaki amesimama, machozi yakimlenga, akijilazimisha yasidondoke mbele ya kaka yake.

"Umefanya la maana," kaka mtu alisema, akiandika. "Hebu nipe ile picha uliyoipiga wewe mwanzo. Zangu nimepiga baada ya kufutwa."

"Chukua mwenyewe."

"Simu ina namba ya siri, nitaichukuaje?"

Aliifungua kwa kuchoka, akaitafuta ile picha, na kwa kuwa kazi yake miaka sita ilikuwa kuwauliza watu wanaona nini, aliivuta ikuzwe. Mpira mweusi. Mkato. Na pale mkato ulipoanzia, kamstari keupe kembamba, kamechorwa kwa mkono. Mwisho wa kamstari hako, alama ndogo ya kukatiza, mfano wa kujumlisha. Upande wa pili pia: kamstari, na kujumlisha.

Mwizi alikuwa amepima. Alipima, akachora pa kuanzia na pa kukomea, ndipo akakata.

Miwani aliinua macho taratibu. Mezani mbele yake palikuwa na mikono ya mashati, kola, mifuko, marinda ya sketi. Kila kipande kilikuwa na mstari mweupe wa chaki, na kila mstari uliishia kwenye alama ndogo ya kujumlisha, pale ambapo mkasi haukuruhusiwa kupita. Alama hiyo aliijua tangu akiwa shuleni. Hakuna fundi cherehani mwingine aliyeitumia. Mama aliibuni mwenyewe, baada ya kuharibu suti ya mteja mwaka ule wa kwanza wa ujane.

"Mama," alisema.

Mama hakuinua kichwa.

"Mama, ulipotoka kuniletea chakula ulipita njia gani?"

"Kuna nini tena?" kaka akauliza. "Niletee hiyo picha."

"Nyamaza wewe! Mama, nakuuliza."

Kitambaa kilimtoka mama mikononi. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, mzito, akavua kidude cha chuma alichokuwa amevaa kidoleni cha kuzuia sindano.

"Ningekirudisha," alisema.

"Nini?"

"Cheti chako cha kuzaliwa. Sikutaka kuiba kitu. Nilitaka hicho tu, kisha ningekirudisha."

"Lini?"

"Akishaondoka."

Kalamu ya mkaguzi ilidondoka sakafuni, na hakuinama kuiokota.

"Nilikuuliza pale dukani bahasha iko wapi, ukasema iko garini," mama aliendelea. "Nilikuwa na wembe wa kufumulia na rula yangu ya chuma mkobani. Sikutaka kuvunja kioo, ni gari lako. Nilikata pale panapoweza kubandikwa. Lakini rula haikuingia, mkono ulikuwa unatetemeka, nikajiona mwehu. Nikaondoka."

"Ulijuaje habari za kupitisha rula?"

"Alinieleza mwenyewe." Mama aliufuta uso kwa kiganja. "Siku ile uliyomleta kula. Alikosa la kuongea na mimi, akanieleza watu wanaojifungia funguo ndani ya gari anawasaidiaje. Alieleza vizuri."

Miwani alikumbuka siku hiyo. Yeye ndiye aliyemnong'oneza Fundi mlangoni: ongea naye habari za kazi, mama anapenda watu wanaojua kazi zao. Kumbukumbu hiyo ilimpandisha hasira upya, na safari hii ilipata pumzi yake yote.

"Na chai ukammiminia! Ongeza sukari, baba! Umekaa hapo unakunja vitambaa, kaka anamwita mwizi mbele yako, na wewe umesikia! Ulisema kwa mdomo wako, nimesikia! Nimemfukuza mchumba wangu mbele ya macho yako, mama, na ukaniacha nimfukuze!"

"Nitabaki na nani?" Mama alisema ghafla, akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Niambie! Huyu anakuja mara moja kwa mwezi kukagua! Wewe ukienda, nitaongea na cherehani?"

"Ungeniambia hivyo! Ungeniambia, mama, ningekataa, ungenipinga, tungelia, tungepanga! Neno moja tu. Wewe ukachukua wembe."

Hakungoja jibu. Alitoka.

Fundi alikuwa amepiga goti kando ya gari, ambalo Miwani aliliegesha mbele ya nyumba, mpira mpya umeshaingia nusu, anausukuma kwa kidole gumba, kile kile. Aliposikia hatua zake hakugeuka.

"Ulijua," Miwani alisema.

Kidole kilisimama.

"Niliiona ile chaki. Suruali yangu ya kwanza aliyonipunguzia mama yako ilikuwa na alama hiyo hiyo kwa ndani."

"Ukakubali uitwe mwizi."

"Ningesema pale, ningetoka msafi, na wewe ungegombana na mama yako kwa sababu yangu. Leo ungenishukuru. Baada ya mwaka ungenichukia." Alisimama, akamkabili. Macho yalikuwa mekundu. "Nilidhani ni bora unichukie moja kwa moja."

Hapo msomaji atasubiri Miwani aanguke kifuani kwake. Hakuanguka. Alimsukuma kwa mikono miwili, hadi mgongo ukagonga mlango wa gari.

"Nani alikupa ruhusa? Nani alikwambia nataka kulindwa nisijue? Mimi ni mtu mzima! Mama ni wangu, gari ni langu, ukweli ulikuwa wangu, na wewe ukaufuta kwa mate mbele ya macho yangu! Nilikuwa nakuacha, unaelewa? Nilikuwa nakuacha kabisa!" Na hapo sauti ilimkatika, machozi aliyoyazuia sebuleni yakamtoka yote. "Ningekosa kukuona maisha yangu yote kwa ajili ya heshima zako."

"Samahani."

"Usirudie."

"Sirudii."

"Hata kama ni mama."

"Hata kama ni mama. Hata kama ni mimi."

Ndipo akamwacha amshike. Alimshika kwa nguvu, kidevu juu ya nywele zake, mikono ikinuka mpira mpya, na Miwani alilia kifuani pake huku bado akimpiga ngumi ndogo za hasira ambazo hazikuwa zimekwisha.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mama alitoka, nyuma yake kaka mtu na faili lake wazi, uso umemshuka.

"Sasa mimi hapa nijaze nini?" alinung'unika. "Sehemu ya mtuhumiwa?"

"Nijaze mimi," mama alisema. "Andika mama yako mzazi. Na kazi yake uandike, fundi cherehani, maana ndiyo iliyomkamatisha."

Kaka alifunga faili. Alimtazama Fundi, akakohoa, akasema kitu ambacho kilisikika kama pole lakini hakikufika mbali.

Mama alisogea hadi mbele ya Fundi. Alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima.

"Baba," alisema, "mimi ndiye niliyekata. Nimekaa nikakuangalia unatukanwa kwenye nyumba yangu, na nilijua. Na wewe ulijua kwamba najua, ukaniaga kwa heshima." Midomo ilimcheza. "Sina pa kuuweka uso wangu. Nisamehe."

"Mama, yamekwisha," Fundi alisema haraka. "Yamekwi—"

"Hayajaisha," Miwani akamkata. "Mwache amalize."

Mama alimgeukia binti yake. Alimwangalia jinsi alivyosimama na mkono wa mwanamume kiunoni, macho yamevimba, kidevu juu. Huenda alijiona yeye mwenyewe miaka thelathini nyuma. Huenda aliona tu kwamba amechelewa.

"Jumatatu mnaondoka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Nikiwa nimevaa, mtanipitia?"

Kaka alitazama viatu vyake. Fundi alitaka kujibu, akahisi kiwiko cha Miwani mbavuni, akakumbuka ahadi yake ya dakika tano zilizopita, kwamba hatamwamulia tena, akanyamaza. Hili lilikuwa la mama na mwanawe.

Miwani alimpenda mama yake wakati ule, alimpenda vibaya sana, na alikuwa amemkasirikia kwa kiasi hicho hicho. Hakuona sababu ya kuficha kimojawapo.

"Utakaa nyuma," alisema. "Kiti cha mbele ni cha mume wangu."

Mama alinyoosha mkono, akaubonyeza ule mpira mpya sehemu ambayo ilikuwa bado haijaingia, ukakaa sawa.

"Nitakaa nyuma," alisema.